Swali la Kihamba cha Ekari Tatu

Jumanne. Baridi ya Julai, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Tangu asubuhi sijauona mlima wala jirani.

Shajara yangu, nisamehe. Mara ya mwisho niliandika hapa kabla ya Pasaka nikasema nitarudi sikukuu ikiisha. Sikurudi. Mwanangu mdogo aliota meno, ng'ombe akazaa, Baba Glory akapata safari mfululizo za kubeba mizigo ya wageni mlimani, na nyumba ikabaki mikononi mwangu peke yangu. Wapo wasomaji wachache wa ukurasa huu walionitumia ujumbe kuuliza kama tu wazima. Wazima tupo. Asanteni.

Lakini hizo ni sababu za kumwambia mtu njiani. Toka mwezi uliopita kuna sentensi moja inanifuata, nami nilijua siku nikikaa kuandika nitaiandika hiyo kabla ya nyingine yoyote. Ndiyo maana nikawa sikai.

Leo watoto wote wawili wamelala mchana kwa pamoja, na moto umewaka vizuri. Nimekosa pa kukimbilia.

Sentensi ni hii: "Wa pili na wa tatu wanaambiwa wakatafute."

Sikuitunga mimi. Niliikuta kwenye karatasi ya mtihani wa hesabu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: ninasaidia kufundisha kwenye kituo cha vijana huku kwetu Old Moshi, chumba kirefu nyuma ya ukumbi wa parokia. Wanaokuja kwetu ni vijana wakubwa, wa miaka kumi na sita mpaka kumi na tisa, waliomaliza kidato cha nne wakapata sifuri au walioishia cha pili. Akili wanazo. Walitoka darasa la saba wakijua hesabu kwa Kiswahili, wakaingia sekondari wakakuta hesabu zilezile zimevaa nguo za Kiingereza, na hakuna aliyewaambia kwamba ndani ya nguo hizo ni yuleyule wanayemfahamu. Wakakaa kimya miaka minne. Mtu akikaa kimya miaka minne, mwishoni hata yeye anaamini kwamba hana kitu kichwani.

Naongea kwa kujua. Cheti changu cha kidato cha nne kipo kwenye begi juu ya kabati, na sijawahi kumwonyesha mtu kwa kujivunia.

Mkuu wa kituo ni Sista Yustina, mama wa maneno machache, miguu yake haitulii. Yeye ndiye aliyekwenda kwenye chuo kimoja cha ufundi mjini, akakaa pale kwenye benchi la mapokezi mpaka wakamsikiliza. Wakamwambia watawachukua vijana wetu hata kama matokeo yao ya kidato cha nne ni mabaya, ila tuwathibitishie kwamba wanajua Kiingereza na hesabu za msingi: mtu aweze kusoma onyo lililoandikwa kwenye mashine, aweze kupima bomba asilikate fupi. Tuwape cheti, wao watakiheshimu.

Cheti hakikuwepo. Ikabidi tukitengeneze.

Kamati ikawa watu watatu. Sista mwenyewe. Mwalimu Mosha, mstaafu wa hesabu, Mlutheri wa ukoo mzima, ambaye hupenda kusema kwamba Wakatoliki wamemwazima tu na watamrudisha. Wa tatu mimi, niliyeitwa kupika chai na kutoa nakala, halafu siku moja nikajibu swali ambalo hawakuniuliza, nikaambiwa vuta kiti.

Sikujua kama kazi ya kutengeneza mtihani inachosha kuliko kuufanya. Kwanza ugomvi wa nini maana ya msingi. Mwalimu Mosha alitaka aljebra, Sista akamuuliza fundi bomba atakutana nayo kwenye choo cha nani. Upande wa Kiingereza, Mwalimu alitaka sarufi kama ya zamani, mimi nikasema wapewe boksi la dawa wasome. Kijana akiweza kusoma pale ni vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, na kama ni kabla ya chakula au baada, huyo ana Kiingereza cha kumwokoa mama yake. Hilo lilipita.

Halafu tukagombana juu ya kusubiri. Kuna sehemu ya kuzungumza, kijana anaulizwa kwa Kiingereza anajibu kwa mdomo. Swali likaja: asipojibu, msimamizi asubiri mpaka lini kabla ya kumwekea sifuri? Mimi nilikuwa na mtu kichwani wakati nasema asubiri, asubiri sana, asimkazie macho. Mwalimu Mosha akasema kwa mwendo wangu kahawa itaiva na kuchumwa kijana mmoja bado anafikiri. Tulicheka. Lakini tukaandika kwenye mwongozo kwamba msimamizi asubiri, na akisubiri aangalie dirishani.

Mtu niliyekuwa naye kichwani ni Elia. Hilo si jina lake, nimempa la hapa tu. Mwenyewe akisoma atajijua.

Elia ana miaka kumi na nane na hajibu haraka. Ukimwuliza kitu anatazama chini kama mtu aliyedondosha sindano. Wenzake walishazoea kumcheka. Lakini ukivumilia, anainua uso na jibu linakuja zima, limepangwa. Anataka kusomea kuchomelea vyuma. Ameshatengeneza bawaba ya mlango wa kituo kwa kipande cha nondo, na mlango ule haujalia tena.

Yeye ndiye aliyekuwa akibaki kupanga mabenchi nami jioni. Mwezi wa tano, tukipanga, aliniambia bila kuulizwa kwamba kwao wazee wa ukoo wanaitwa, baba anataka kugawa kihamba angali hai. Kwao wako wavulana wanne na yeye ni wa pili. Nikamwuliza anaonaje. Akatazama chini, nikasubiri, akasema, "Mimi nina chuo, mama."

Hivyo tu. Nina chuo. Wakati huo chuo kilikuwa bado ni maneno ya Sista na karatasi tatu za rasimu.

Sasa nieleze swali lilivyoingia, maana hapo ndipo pananiuma.

Tulikubaliana mapema, kabla Elia hajaniambia lolote, kwamba maswali yatoke nyumbani kwao. Tulikuwa tumechoka na vitabu vyenye treni mbili zinazokutana na mabwawa ya kuogelea yanayojaa maji. Tukasema kitu cha nyumbani hakimtishi mtu. Tukaweka maziwa ya kupeleka kwenye tanki la ushirika. Tukaweka mkungu wa ndizi, debe la kahawa, na saa za kupanda mlima kutoka geti mpaka kambi ya kwanza. Mwalimu Mosha akaja na lake ameshaliandika nyumbani kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: Mzee ana kihamba cha ekari tatu. Ana watoto wanne wa kiume. Akiwagawia sawasawa, kila mmoja atapata sehemu gani ya ekari?

Robo tatu. Swali safi la sehemu. Nakumbuka nilichekea zile ekari tatu tu, maana kihamba cha ekari tatu siku hizi huku kwetu ni cha kuota. Sikuona kingine.

Kwa asiyetoka huku: kihamba ni shamba la nyumbani, pale penye migomba na kahawa na makaburi ya wazee wako. Hakigawiwi ovyo. Kwa mila, mtoto wa kwanza anapewa kipande chake, wa mwisho anabaki na nyumba na wazazi, na hao waliozaliwa katikati wanaonyeshwa barabara. Si kwa ubaya. Wanaambiwa, dunia ni kubwa, nendeni mkatafute. Ndiyo maana Wachagga mnatukuta kila mji wenye duka.

Na ndiyo maana Krismasi wanarudi wote, hata waliokopa nauli, waje wasimame kidogo kwenye udongo ambao si wao.

Jumamosi ya mtihani wa majaribio ilikuwa ya mawingu. Elia alikaa dirishani, benchi la nyuma, mahali pake. Nilikuwa napita katikati yao na mwanangu mdogo mgongoni amelala. Elia aliandika vizuri mwanzoni, nilimwona. Halafu nikaona kalamu imesimama. Nikasema moyoni, anafikiri, mwache. Nikaangalia dirishani kama tulivyoandika kwenye mwongozo.

Alipoinuka nilidhani amemaliza. Alilaza karatasi mezani kifudifudi, akafungua mlango wake usiolia, akatoka. Ukungu ulikuwa nje pale pale, ukamchukua.

Karatasi nilisahihisha mimi, hapahapa mezani, asubuhi ya Jumatatu, Glory akila ndizi pembeni. Wengi walipata robo tatu. Binti mmoja alipata robo tatu na chini yake akaongeza kwa herufi ndogo, "Na dada zao?" Nilicheka peke yangu nikampa alama zake zote.

Nikafika ya Elia. Maziwa amepata, ndizi amepata, kahawa amepata. Kwenye kihamba hakukuwa na namba yoyote. Aliandika: "Hawapati sawa. Wa kwanza anapewa juu kwenye kahawa. Wa mwisho anabaki na nyumba. Wa pili na wa tatu wanaambiwa wakatafute."

Kuanzia hapo karatasi ilikuwa nyeupe mpaka mwisho.

Nilisoma mara ya pili, kwa sababu nilijua ile sauti. Haikuwa ya Elia.

Nina kaka anaitwa Anaeli. Kwetu walikuwa wavulana watatu na mimi, Anaeli akiwa wa katikati. Alifeli kidato cha nne mwaka ambao baba aligawa. Aliondoka asubuhi yenye ukungu kama wa leo, na begi la shule ambalo lilikuwa halina tena kazi nyingine, mama amemfungia ndizi za kuchemsha kwenye jani. Alisema anakwenda kutafuta. Alikuwa akipiga simu kutoka huku na kule, mara yuko machimboni, mara yuko kwa mtu anafuga kuku. Halafu namba ikawa haipatikani. Mpaka leo haipatikani. Na mpaka leo mimi huipiga.

Mama yangu hamlilii. Anachofanya ni kumwekea. Krismasi mbuzi akichinjwa, kila mtu ana fungu lake kwa nafasi yake kwenye ukoo, na fungu la Anaeli linakatwa, linafungwa, linatundikwa jikoni juu ya moshi. Hakuna anayeligusa. Likishakauka kabisa, mama hulishusha mwenyewe, na hatujawahi kumwuliza hulipeleka wapi.

Juzi nilimpa Glory parachichi agawane na bibi yake na mdogo wake. Ana miaka minne, bado kisu hashiki, nilimkatia mimi akawa anapanga kwenye sahani. Akataka vipande vinne. Nikamwambia, mama, mko watatu. Akanitazama kama mimi ndiye sijui kuhesabu.

"Na mjomba," akasema.

Hajawahi kumwona. Bibi yake amemfundisha. Kile kipande kilibaki kwenye sahani mpaka kikawa cheusi, na hata mimi nilishindwa kukitupa.

Basi na karatasi ile ikawa hivyo. Nilikuwa nikimenya ndizi za mtori naisikia, nikikamua naisikia. Wanaambiwa wakatafute. Nikisikia miguu njiani nasimama kuangalia, sijui namsubiri Elia au namsubiri nani.

Kamati ilikaa. Kwa kanuni tuliyoiandika wenyewe, Elia ameanguka. Mwalimu Mosha akaweka sifuri pale kwa kalamu nyekundu, taratibu, si kwa hasira. Alisema hesabu haiulizi mila. Alisema tukianza kutoa alama kwa sababu mtu ametuhuzunisha, chuo kitajua ndani ya muhula mmoja, na cheti kitakuwa karatasi ya kufungia maandazi. Tayari vijana wa bodaboda pale njia panda wanakiita cheti cha vilaza. Siku moja mmoja wao aliniuliza kama kimeshafika, nikamwambia kimefika na jina lake liko la kwanza. Lakini lilinichoma.

Kwa hiyo nilikuwa upande wa Mwalimu, na hilo ndilo lililonitesa. Sikutaka Elia apewe. Kijana aliyepewa anajua amepewa, na atabeba aibu hiyo mpaka kwenye mashine ya kuchomelea. Nilisema hivyo. Nikasema sitaki apewe alama hata moja, nataka aulizwe tena. Aulizwe sehemu ileile ya hesabu kwa kitu kingine, kipande cha bomba, ubao, chochote. Na mtihani wenyewe tuukate vipande, kila kipande kiwe na siku yake, ili mtu akijikwaa mahali pamoja asipoteze njia nzima. Kama tunaamini hawa walivunjwa na mtihani mmoja mkubwa, kwa nini tunawatengenezea mwingine wa aina ileile?

Sista alikubali palepale. Mwalimu Mosha alikaa akigeuza kalamu.

Akasema anakubali vipande. Lakini swali la kihamba libaki. Sauti yake ilikuwa imebadilika, Sista naye akasikia.

Nikamwuliza, "Kwa nini, Mwalimu? Limemfukuza mtoto."

Akavua miwani. "Mimi ni wa tatu kwetu," akasema. "Tulikuwa watano. Nimezunguka na chaki mpaka Kigoma, nimerudi mzee, nimenunua kiwanja Kiboriloni, sokoni pale, natazamana na mabanda ya mitumba. Nilipokaa kutunga swali nikasema, angalau kwenye karatasi wagawiwe sawa."

Chai ilipoa.

Baadaye Sista akasema kwa upole kwamba swali linaweza kuwa la haki na bado si la kumpa mtoto ambaye nyumbani kwao masale ya kuweka mipaka yanapandwa wiki hiyohiyo. Mwalimu akageuza kichwa. "Wiki gani?" akauliza. Hakuwa anajua. Hata mimi sikuwa najua kwamba ni wiki ile, ndiyo kwanza Sista anatuambia, alisikia kwa jirani yao baada ya misa. Mwalimu akavuta karatasi ya maswali, akapiga mstari juu ya swali lake, mstari mmoja ulionyooka kama wa rula. Akaweka miwani mfukoni badala ya machoni akaaga.

Nikaona nimtafute Elia nimwambie. Nilidhani ni kazi rahisi.

Nilipanda kwao Alhamisi na mdogo mgongoni. Masale nilianza kuyaona kabla ya nyumba, vijiti vibichi vimechomekwa kwa mstari katikati ya kahawa, majani yake bado hayajasimama vizuri. Wa mbali mtaniambia ni mmea tu. Ni mmea, lakini huku ukiona masale yamepandwa pale usijaribu kuruka. Kaka yake mkubwa alikuwa anashindilia udongo kwa mguu. Alinisalimia vizuri, hana roho mbaya, amepewa tu.

Baba yao alikuwa ameshuka kwenye shughuli za ukoo. Nilimkuta mama yake jikoni. Nikampa shikamoo yake, akanipa maziwa mgando na kigoda, akamchukua mtoto mgongoni kwangu bila kuuliza, kama wanavyofanya mama zetu. Akasema Elia ameenda Sanya Juu kubeba magunia ya mahindi sokoni, ana rafiki huko. Simu yake ilivunjika kioo, imezima.

Nikamwambia tunamhitaji. Nikamwambia ataulizwa tena, kidogo kidogo, na majina ya chuo yanapelekwa mwisho wa mwezi huu.

Alikuwa anambembeleza mtoto wangu, hakunitazama. Akasema, "Siku ile alirudi amenyamaza. Nikamwuliza mtihani vipi. Akasema, wameuliza mambo ya kwetu."

Akamhamishia mtoto bega la pili. "Akasema, Mama Glory nilimwambia mwenyewe."

Nilitaka kueleza papo hapo. Kwamba lile swali lilitungwa kabla. Kwamba alilitunga mtu aliyeonyeshwa barabara kama yeye, na kwamba watoto wanne katika swali wamekutana tu na watoto wanne wa kwao. Maneno yalikuja yote kwa pamoja nikaona jinsi yanavyofanana na ya mtu anayejitetea. Nikayasema hata hivyo. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameelewa, lakini aliyekuwa anatakiwa kuelewa yuko Sanya Juu chini ya gunia.

Kisha akanifunga mtoto mgongoni, akakaza kanga, akaweka mkono pale begani kwangu muda kidogo.

Nilishuka ukungu ukiwa nyuma yangu. Sikugeuka, lakini nilisikia miguu njia nzima. Ilikuwa yangu.

Tangu hapo ndipo nimeelewa kinachonisumbua. Kufeli kwake ni kitu tungekitengeneza, tumeshakitengeneza. Lakini huko aliko, akilala na magunia, anaamini kwamba alimwambia mtu mmoja siri ya kwao na mtu huyo akaigeuza swali, akaigawa nakala, akaisimamia huku anaangalia dirishani. Nilikuwa namsubiri kwa heshima. Yeye aliona mtu anayemkwepa macho.

Na Anaeli, je? Yeye aliondoka akiamini nini kuhusu sisi? Hilo nimejiuliza wiki nzima. Kichwani nilikuwa namwona amepotea. Sijawahi kumwona kichwani amekasirika, na ana haki.

Anaeli sijui nimtafute wapi. Sanya Juu napajua.

Nimeongea na Sista. Mimi siwezi kwenda wiki hii, Baba Glory hajashuka na ng'ombe hana mtu. Lakini Jumamosi ijayo kituo kinafanya majaribio ya pili ya mtihani, safari hii kwa vipande, na kipande cha kwanza ni kupima. Kiti cha dirishani sijamkalisha mtu. Mabinti waliniuliza kama wahamie pale penye mwanga, nikawaambia hapana, na sikueleza.

Glory ameanza kujigeuza kitandani, sina muda mrefu. Kwa hiyo nyie mnaosoma hapa na mlioniuliza mara nyingi mnitumie nini au mtusaidie nini, nawaandikia kabisa kilichobaki. Vitu vikifika parokiani semeni ni vya kituo cha vijana, vitanifikia.

Maboksi matupu ya dawa, yale yenye maelezo ya Kiingereza. Msiyakunje.

Futi za kupimia, za fundi, hata zilizofutika mwanzoni mradi katikati zinasomeka.

Vipande vya bomba na ubao, vifupi, vya ukubwa tofauti. Mwalimu Mosha anatunga maswali mapya juu yake, na ameniomba nisimharakishe.

Mifuko ya mbolea iliyoisha, ambayo bado ina maandishi.

Saa ya ukutani ya mishale. Vijana wanasoma ya simu tu, ya mishale wanaiogopa.

Jagi la lita lenye mistari.

Na wewe uliye Sanya Juu, unayepita sokoni pale kwenye mahindi. Kuna kijana mrefu, ana kofia ya bluu, ukimwuliza kitu anatazama chini kwanza. Usimharakishe. Mwambie swali limefutwa na aliyelifuta ndiye aliyelitunga, na yeye pia ni wa katikati. Mwambie Mama Glory hakuligawa neno lake kwa mtu. Mwambie kalamu zipo.

Huyo ndiye wa mwisho kwenye orodha. Nitumieni huyo.